MITANDAO YA KIJAMII NA MJASIRIAMALI: LAIKI HAZINUNUI UNGA

 

Kuna swali naulizwa sana siku hizi, mtaani na kwenye simu: "Hivi kijana, hii mitandao ya kijamii kweli inaleta hela, au tunamaliza bando tu?" Leo anauliza mama lishe, kesho fundi cherehani, keshokutwa mshkaji anayeuza viatu vya mtumba. Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niliweke jambo lenyewe hapa kwa urefu kidogo, kila mwenye biashara yake asome na apime mwenyewe.

Niseme kwanza naongea nikiwa nani. Mimi si mtaalamu wa masoko. Nimeishia kidato cha nne, chuo sijakanyaga. Naandika hapa, na muda mwingine nashika simu ya biashara ya shangazi yangu anayetengeneza batiki nyumbani, huku Temeke. Batiki ikiuzwa nami napata changu kidogo. Kwa hiyo kwangu hii si nadharia. Biashara ikilala, nyumba nzima inayumba, maana hata ada ya binamu yangu inatoka humohumo.

Jibu fupi ni kwamba INALETA. Ila haileti kwa njia ambayo wengi wetu tunaifikiria, na hapo ndipo watu wanapoishia kukata tamaa. Hebu twende polepole.

TULIFIKAJE HAPA?

Mitandao hii haikuanza kwa ajili ya wauza batiki. LinkedIn ilifunguliwa mwaka 2003 kwa watu wa maofisini wanaotafuta kazi na kufahamiana. Facebook ilianza 2004 pale chuo kikuu cha Harvard, Marekani, ikiwa ya wanafunzi tu, na ilipofika Septemba 2006 ndipo ikafunguliwa kwa kila mtu mwenye miaka 13 na kuendelea. WhatsApp ikaja 2009, Instagram 2010.

Kwetu Bongo enzi hizo kaka na dada zetu walikuwa wanalipia dakika kwenye intaneti kafe, kurasa inafunguka huku unasinzia. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Simu za kupangusa nazo zikashuka bei.

Lakini kwa mtazamo wangu kilichofanya mitandao iwe soko hapa kwetu ni hela ya kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kuingia Tanzania 2008, kisha kampuni nyingine zikafuata. Bila hiyo, mtu wa Mwanza angeona batiki ya Temeke akaisifia, basi, habari ingeishia hapo. Sasa anaiona, anatuma hela, mzigo unapandishwa basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, kesho yake anaupokea. Picha, hela ya simu na basi vikikosana kimoja tu, biashara inasimama.

FAIDA ZENYEWE NI ZIPI?

1. Watu wanaokujua KIDOGO

Hii naiweka ya kwanza kwa sababu ndiyo kubwa na ndiyo inayosahaulika.

Kuna msomi wa Marekani anaitwa Mark Granovetter. Mwaka 1973 alitoa makala maarufu kuhusu jinsi watu wanavyopata kazi. Aliwauliza waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Wengi wetu tungedhani ni ndugu au rafiki wa karibu. Wapi! Waliosema walikuwa wanaonana naye mara nyingi hawakufika hata 17 katika kila 100. Wengine wote walisema walikuwa wanaonana naye mara mojamoja au kwa nadra.

Sababu yake ni rahisi. Ndugu na rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, na wateja wao ndio haohao majirani zako. Mtu unayemjua kwa mbali anaishi kwenye dunia nyingine, yenye watu wengine na shughuli nyingine. Zamani mtu wa hivyo akihama mlikuwa mmepotezana. Leo namba yake ipo kwenye simu yako na yako kwenye yake.

Nitoe mfano wa nyumbani. Baada ya serikali kuhamia Dodoma, kuna mama aliyekuwa anakaa mtaa wetu alihamishwa na ofisi yake. Yeye na shangazi hawakuwa marafiki, ilikuwa "shikamoo, marahaba" na kila mmoja anapita. Siku moja nikaweka kwenye stetasi ya WhatsApp picha ya batiki ya kijani. Yule mama akaiona huko huko Dodoma, akaandika:

"Habari dada, hii bado ipo? Sh ngapi?"

"Nzuri mpendwa, ipo. Elfu 24, pamoja na kuifikisha stendi."

Akanunua MOJA. Akaivaa kwenye kikoba chao. Wenzake walikuwa kwenye kamati ya kitchen party ya binti mmoja na wanatafuta sare. Mwenyekiti akamuuliza, "Huyo fundi unamjua, au ni wa mtandaoni tu?" Akajibu, "Namjua, tumekaa mtaa mmoja, hana maneno." Oda ikaja ya vipande 40.

Naomba wadau mtazame hapo vizuri. Simu ilibeba picha. Aliyebeba UAMINIFU ni yule mama. Wale wanakamati 39 hawakumwamini mtu wa kwenye picha, walimwamini mwenzao. Ukielewa hili umeelewa habari yote ya leo.

2. Dirisha la duka bila kodi ya fremu

Wote tunajua habari za fremu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka, tena mkononi, kabla hujauza hata kitambaa kimoja. Mtaji wote unaishia ukutani. Ukurasa wa Instagram au Facebook hauna mwenye nyumba wa kudai kodi. Unahitaji simu yenye kamera inayoona vizuri, mwanga wa asubuhi na kamba ya kuanikia. Bando unalipa, sikatai, ila unalipa kidogokidogo kadiri unavyouza.

3. Unamsikia mteja kabla hujaingia gharama

Kabla ya kuchovya vitambaa 20 vya zambarau, shangazi anachovya viwili vya rangi tofauti, naweka picha, tunasubiri. Rangi ambayo watu wanaiulizia BEI ndiyo inayotengenezwa. Nimesema bei makusudi. Anayeandika "wow, hongera dada" na kuweka mioyo kumi ni mtu mwema, ila hajanunua. Anayeuliza "mnafika Tegeta?" huyo ndiye wa kumjibu kwanza.

4. Kuondoka kwenye mali kauli

Hili ndilo lililotutoa machozi miaka ya nyuma. Kwa wasiojua, mali kauli ni kumwachia mwenye duka mzigo kwa ahadi, akiuza ndipo akulipe. Kuna duka moja, jina nalihifadhi, lilikuwa linakaa na batiki zetu miezi mitatu. Unaenda kudai unaambiwa "njoo Ijumaa". Nyingine zinarudishwa zimepauka jua la dirishani.

Angalia hesabu kwa namba nyepesi. Vipande 40 kwa shilingi 24,000 ni 960,000. Tuseme kitambaa, nta na rangi ni 14,000 kwa kila kipande, jumla 560,000. Kwa mali kauli hiyo 560,000 inatoka mfukoni mwako na hujui itarudi lini. Kwa oda ya sare unaomba advansi ya asilimia 60, yaani 576,000, inayotosha kununua malighafi yote. Hujakopa popote wala hujaweka friji rehani. Zinabaki 384,000 za kulipwa kabla ya mzigo kupanda basi. Faida ni ileile 400,000 kabla ya bando, nauli na jasho. Tofauti ni kwamba mwenye duka alikuwa anaendesha biashara yake kwa mtaji WAKO, sasa mteja anakusaidia kuendesha yako.

Lakini nani atakutumia 576,000 akiwa Dodoma na wewe uko Temeke? Ni yule tu aliyeambiwa "namjua, hana maneno". Ndo maana nikasema ya kwanza ndiyo kubwa.

5. Kupata wenzako

Magrupu ya watu wa kazi moja yana faida ambayo haipo kwenye matangazo. Unajua kitambaa cha pamba kimepanda au kimeshuka Kariakoo kabla hujapanda daladala. Unajua mteja gani amewazungusha wenzako. Na oda ikizidi uwezo wako, mnagawana kuliko kuikataa. Wengi tunaogopa kwamba wenzetu watatuibia wateja. Inatokea, sikatai. Ila kwa niliyoyaona, aliyejifungia peke yake anapoteza zaidi.

KWA NINI WENGI HAWAPATI KITU?

Nimezunguka sana kwenye kurasa za wajasiriamali wenzetu, na nimeona mambo yanayojirudia.

La kwanza ni "bei njoo inbox". Jamani! Mteja ameshaona kitu, amekipenda, unamfukuza aende kubisha hodi mlango wa pili. Wengi hawaendi, wanadhani bei itategemea na jinsi wanavyoonekana. Andika bei. Asiyeiweza atapita, anayeiweza atanunua.

La pili ni kununua wafuasi. Ukurasa una wafuasi elfu kumi, ukiweka picha wanaitikia watu wanne. Mteja mjanja anagundua hapo hapo na kuanza kukutilia shaka. Umelipa hela ili uonekane tapeli.

La tatu ni picha za kuokota mtandaoni. Unaweka gauni la Uturuki, mteja anapokea kitu kingine kabisa. Utauza mara moja tu, na huyo mteja atawasimulia watu 20.

La nne ni kutojua chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Mfano, WhatsApp kwa kawaida stetasi yako inaonekana na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mpigo nao unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akishalipa, neno la kwanza baada ya asante liwe, "Mpendwa, naomba uhifadhi namba yangu kwa jina la biashara." Sentensi hiyo ni bure, na kwetu imefanya kazi kuliko tangazo la kusponsa. Kuna pia programu ya WhatsApp Business, iliyotoka 2018, haina malipo. Unapanga bidhaa zako na bei, unaweka lebo kwa wateja: huyu ameagiza, huyu amelipa, huyu bado.

La tano ni kuchelewa kujibu. Mteja wa mtandaoni ameuliza watu watano kwa wakati mmoja. Wa kwanza kujibu kwa adabu ana nafasi kubwa.

HATARI NAZO ZIPO

Nisiwe kama wale wanaosifia tu. Mitandao ina miba yake.

Utapeli unakuja pande zote mbili. Kuna anayekutumia picha ya meseji ya malipo kumbe ya kutengeneza. Usitoe mzigo kwa picha wala kwa meseji, angalia SALIO lako. Kuna anayepiga na kusema amekosea kutuma, umrudishie. Usitume chochote, mwambie awasiliane na kampuni yake ya simu. Na wewe muuzaji jihami ili mteja asikuogope: tumia lipa namba yenye jina la biashara, piga picha risiti ya basi yenye namba ya gari, mtumie palepale. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, na TIN inatolewa TRA bure. Mteja mkubwa, hasa ofisi au shule, atakuuliza hivyo vitu kabla ya chochote.

Hatari ya pili watu hawaifikirii: ukurasa ule SI WAKO. Wewe ni mpangaji tu. Waulize waliokuwa MySpace. Mwaka 2005 mtandao ule uliuzwa dola milioni 580, mwaka 2011 ukauzwa tena kwa takriban milioni 35. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba nyimbo ambazo wanamuziki walikuwa wameziweka humo kwa miaka 12 zimepotea wakati wa kuhamisha kompyuta zao. Google+ nayo ilifungwa Aprili 2019.

Na si lazima mtandao ufe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa takriban saa sita. Hapa kwetu, Mei 2025 mtandao wa X, ambao zamani tuliuita Twitter, ulizuiwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siasa zake leo si mada yangu. Naangalia upande wa muuzaji: mwenye advansi ya mtu mkononi na mzigo uko njiani, alimjulishaje mteja wake? Aliyekuwa na namba zote kwenye daftari alikuwa na pa kuanzia. Ambaye kila kitu kilikuwa inbox, alikaa akiitazama simu.

Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani walimaanisha hesabu za duka, leo naongeza na namba za wateja. Kila Jumapili mimi na shangazi tunakaa, nasoma simu, yeye anaandika: jina, namba, mji, alinunua nini, nani alimleta. Hiyo safu ya mwisho ndiyo anayoitazama zaidi. Yule mama wa Dodoma jina lake limejirudia kwenye mistari mingi, basi shangazi akamtengenezea kitambaa cha zawadi na kumtumia bila kuombwa.

Ila ukishakusanya taarifa za watu, zitunze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Usichukue picha ya mteja amevaa nguo yako ukaiweka ukurasani bila kumuomba, na usigawe namba za wateja kwa mtu mwingine. Ukiachilia mbali sheria, nani atarudi kwako ukimwanika?

KWA ANAYETAKA KUANZA LEO

Chagua mtandao mmoja au miwili ambako wateja wako wapo, usikimbilie yote. Kwa bidhaa za kuonekana kama nguo na vyakula, WhatsApp na Instagram zinatosha kuanzia. Anayetoa huduma kwa maofisi, kama usafi au uchapishaji, ajaribu na LinkedIn.

Pitia namba zote zilizopo kwenye simu yako, uliosoma nao, mliopanga nyumba moja, waliohama. Wasalimie KWANZA, kwa majina yao, bila kuuza chochote. Mtu uliyemtafuta siku ya shida ya hela tu anakujua tayari.

Weka picha halisi, bei na eneo ulipo. Jibu kwa heshima hata anayeomba punguzo la ajabu. Mzigo ukiwa na kasoro, sema mapema kabla hajaupokea. Muombe mteja aliyeridhika amwambie mtu MMOJA. Usimwambie "nitangazie", mwambie "kama kuna mwenzio anahitaji, mpe namba yangu".

Na jipe muda. Kwetu ilichukua zaidi ya miezi minne kabla mtu tusiyemfahamu kabisa hajanunua, na karibu wote waliofuata waliletwa na mtu.

Kuna methali inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu, lakini kwa Dar ya leo yenye wauza batiki kila kona, hata chema inabidi kijitembeze kidogo ili kionekane. Tofauti ni kwamba kibaya kinajitembeza chenyewe, chema kinatembezwa na wale waliokinunua. Mtandao wa kijamii ni barabara yao tu.

Haya, mimi ni huo mtazamo wangu. Wenye uzoefu, hasa mlioko mikoani na ughaibuni mnaoagiza vitu nyumbani, tuambieni: ni kitu gani kilikufanya umwamini muuzaji ambaye hujawahi kumuona? Na wauzaji, mteja wako mkubwa kuliko wote aliletwa na nani? Ukumbi ni wenu hapo chini, matusi hapana.

Nawasilisha.